Kufunga Swichi ni Kufanya Nini? Istilahi za Kiswahili Zinapofika Gereji

Mijadala kuhusu uundaji wa istilahi imekuwa mojawapo ya nguzo za taaluma ya Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Ni nadra kumpata mwanafunzi wa Kiswahili ambaye hajawahi kuketi katika ukumbi wa mihadhara akasikiliza hoja za kuitetea tarakilishi dhidi ya kompyuta, au rununu dhidi ya simu ya mkononi. Wapo wanaoshikilia kuwa lugha isiyojiundia maneno yake ni lugha tegemezi, na wapo wanaowajibu kwamba neno lililokwisha kuota mizizi sokoni halina haja ya mbadala. Mijadala hii ina manufaa yake, na haifai kubezwa. Hata hivyo, ina kasoro moja ambayo aghalabu hupuuzwa: karibu yote inahusu nomino. Jina la kifaa likishapatikana, kazi huonekana imekwisha. Makala haya yanashikilia kwamba hapo ndipo kazi inapoanza, na kwamba hatari iliyopo katika Kiswahili cha kiufundi imejificha mahali ambapo wanaistilahi hawapachunguzi sana, yaani katika vitenzi.

Ili hoja hii isielee hewani, ni vyema ichukuliwe kazi moja mahususi ya mikono: kuweka swichi ya kukatia umeme wa betri katika gari la kujiundia. Huenda msomaji akashangaa mfano huu umetoka wapi. Umechaguliwa kwa sababu ni kazi ndogo, inayoweza kukamilika kwa alasiri moja, na hata hivyo inahitaji maelezo yaliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa. Ukweli kwamba chimbuko lake ni Uingereza unaongeza uzito wa swali: je, maelezo hayo yakiletwa kwa Kiswahili, yatamfaa anayeyasoma akiwa ameshika spana mkononi?

Gari la kujiundia ni gari linalouzwa likiwa vipande. Mnunuzi huletewa fremu, bodi, magurudumu na vikorokoro vinginevyo, mara nyingi injini ikiwa imetolewa katika gari kuukuu, kisha akayaunganisha mwenyewe nyumbani. Utamaduni huu ulishamiri Uingereza kwa sababu za kikodi. Colin Chapman, mwasisi wa kampuni ya Lotus, alipoanza kuuza gari la Lotus Seven mwaka wa 1957, wateja wengi walilinunua likiwa vipande kwa kuwa gari lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, ilhali vipande havikutozwa kodi hiyo. Husimuliwa kwamba kanuni za kodi hazikuruhusu vipande viandamane na maelezo ya kuunganisha, na kwamba kampuni ikatoa badala yake maelezo ya kulifungua gari, mnunuzi akawa anayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Iwe kisa hicho kimetiwa chumvi au la, hakuna mfano mzuri kuliko huo wa matini ambayo mpangilio wake ndio maana yake. Kodi hiyo iliondolewa mwaka wa 1973 na mahali pake pakachukuliwa na kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka uo huo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuliunda gari la Seven. Magari ya aina hiyo yangali yanaundwa na watu binafsi hadi leo.

(Gari hili lisichanganywe na yale yanayounganishwa viwandani Thika na Mombasa kutokana na vipande vilivyoagizwa ng'ambo. Huko kazi hufanywa na mafundi walioajiriwa, kila mmoja na kituo chake. Mwenye gari la kujiundia yu peke yake na karatasi.)

Swichi yenyewe haina maajabu. Ni kijisanduku chenye vipande viwili vya shaba ndani yake na ufunguo mwekundu unaozungushwa. Mara nyingi ufunguo huo huweza kuchomolewa na kutiwa mfukoni. Ikizungushwa upande mmoja, shaba hugusana na umeme wa betri hufika garini. Ikizungushwa upande wa pili, shaba huachana na gari lote hubaki bila umeme. Faida zake ni tatu. Kwanza, humzuia mwizi asiye na subira. Pili, waya ukichubuka na kugusa chuma, umeme unaweza kukatwa kabla moto haujawaka. Faida ya tatu ndiyo inayowavutia wengi wenye magari ya starehe yanayokaa bandani kwa majuma. Saa, redio na king'ora huendelea kunywa umeme kidogo kidogo hata gari likiwa limezimwa. Tuseme umeme huo ni miliampea 50 tu. Kwa siku moja betri hupoteza ampea-saa 1.2, na kwa siku 30 hupoteza 36. Betri ya ampea-saa 45 itakuwa imebakiwa na humusi moja ya nguvu zake, na mwenyewe atakapokuja na marafiki kwenda kutembea atasikia tu mlio hafifu wa stata.

Swichi ya namna hii ikiwa ni ya kawaida, yenye ncha mbili tu, huweza kuwekwa katika waya unaotoka kwenye ncha hasi ya betri kwenda kwenye fremu ya chuma. Kabla ya kugusa chochote, waya wa ncha hasi hutolewa kwanza, nao ndio hurudishwa mwisho. Sababu ni nyepesi kueleweka. Waya hasi umeungana na fremu yote. Spana ikiteleza wakati wa kulegeza nati ya ncha hasi na kugusa fremu, hakuna kitakachotokea, maana pande zote mbili ni kitu kimoja. Ikiteleza kwenye ncha chanya ilhali waya hasi ungali mahali pake, spana yenyewe huwa daraja la mamia ya ampea, na huweza kuwa nyekundu kama kijinga cha moto mkononi mwa fundi. Tazama jinsi usalama wa mtu unavyotegemea maneno mawili, kwanza na mwisho. Mfasiri akiyapindua, hakuna kamusi itakayomwokoa fundi.

Lakini kwanza na mwisho ni maneno mepesi. Ugumu unajitokeza pale mwandishi wa maelezo anapofika kwenye sentensi ambayo haiepukiki: funga swichi.

Kufunga swichi ni kufanya nini? Kwa fundi, kufunga ni kukaza kitu mahali pake. Hufungwa injini, hufungwa taa, hufungwa betri. Na kinyume chake, kufungua injini ni kuitenganisha vipande vipande. Kwa maana hiyo, funga swichi ni agizo la kuipachika na kuikaza kwa skrubu. Kwa mtumiaji wa kawaida wa lugha, kufunga ni kukomesha. Hufungwa mfereji maji yakakoma, hufungwa redio sauti ikakoma. Anayemwambia mtoto afungue redio anataka isikike. Kwa maana hii ya pili, funga swichi ni kuukata umeme. Sasa anakuja mfasiri aliyesoma fizikia kwa Kiingereza. Katika taaluma hiyo, sakiti ikifungwa ndipo umeme hupita, kwa kuwa duara limekamilika, na ikifunguliwa umeme hukoma. Mfasiri huyo akiwa mwaminifu kwa matini chasili, funga swichi itakuwa na maana ya kuuruhusu umeme upite. Kitenzi kimoja, silabi mbili tu, na maana tatu ambazo mbili kati yazo zinapingana kama usiku na mchana.

Wapo watakaosema kuwa muktadha huondoa utata. Ni kweli kwamba muktadha huondoa utata mwingi, na wanasemantiki wametufundisha hivyo. Lakini dai hili linafaa kupimwa kwenye kazi yenyewe, si kwenye ubao wa darasani.

Swichi yenye ncha mbili haitoshi kwa gari la mashindano. Gari linapokuwa linanguruma, altaneta huzalisha umeme wake lenyewe. Betri ikitengwa ghafla, altaneta huendelea kuilisha koili ya cheche, na injini huendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichofanyika. Isitoshe, betri ndiyo inayomeza mawimbi ya ghafla ya volti. Ikiondolewa, volti za altaneta huweza kupanda kwa kipindi kifupi kiasi cha kuharibu vifaa vya elektroniki. Kwa sababu hiyo, swichi ya mashindano huwa na ncha sita. Mbili kubwa ni za betri. Nyingine nne ndogo ni jozi mbili zinazofanya kazi kinyume. Jozi moja, tuiite jozi A, shaba zake hugusana wakati swichi imewashwa na huachana inapozimwa. Hapo ndipo hupitishwa waya wa koili, ili kuzima swichi kuzime injini pia. Jozi B hufanya kinyume: huachana swichi ikiwa imewashwa, na hugusana inapozimwa. Hii hupitisha nguvu zilizosalia katika altaneta kwenda kwenye fremu kupitia kipande kidogo chenye ukinzani wa omu 3, ambacho aghalabu kimeundwa kuhimili wati 11. Kazi yake ni ya muda mfupi mno, kama mtu apokeaye mzigo akautua papo hapo.

Maelezo ya Kiingereza ya swichi hii husema, kwa lugha ya fizikia, kwamba jozi A imefungwa swichi inapokuwa imewashwa, na jozi B imefungwa inapokuwa imezimwa. Ikitafsiriwa neno kwa neno, sentensi hiyo haina kosa lolote la sarufi. Upatanisho wa kisarufi ni timamu, na mtahini angeipa alama zote. Ila fundi ambaye kwake kufunga ni kukomesha ataielewa hivi: jozi A hukatika swichi inapowashwa, na jozi B hukatika inapozimwa. Akiwa mtu makini, atafanya lile linalofuata kimantiki. Atapeleka koili kwenye jozi B, kwa kuwa anaamini ndiyo inayokata umeme swichi ikizimwa, na atapeleka waya wa ukinzani kwenye jozi A.

Atakapowasha swichi, injini haitawaka kwa kuwa koili haipati umeme. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba jozi A, ambayo kwa hakika inapitisha umeme wakati huo, itakuwa imeunganisha betri na fremu kupitia omu 3 moja kwa moja. Volti 12 zikigawanywa kwa 3 ni ampea 4, na ampea 4 mara volti 12 ni wati 48. Kile kipande cha wati 11 kitabebeshwa zaidi ya mara nne ya uwezo wake, tena si kwa nukta chache bali kwa muda wote ambao fundi atakuwa ameinamia injini akitafuta ni kwa nini haiwaki. Kitachemka, kitaunguza waya ulio karibu nacho, na kwa kuwa magari haya huwa na nafasi finyu, hakitakosa cha kuunguza. Kifaa kilichowekwa kuzuia moto kitakuwa ndicho kilichouwasha, na chanzo chake ni kitenzi.

Kuna jambo la ajabu ambalo halina budi kutajwa hapa. Lau maelezo yangeandikwa kwamba jozi B hujifunga swichi inapofunguliwa, fundi yule yule angeelewa kwamba jozi B hukoma swichi inapowashwa, na hilo ni kweli kabisa. Makosa mawili yangefutana, naye angefunga nyaya zake sawasawa bila kujua alikuwa ukingoni mwa shimo. Tafsiri ya aina hii ndiyo mbaya kupita zote, kwa maana leo inafaulu kwa bahati, na kesho, sentensi ikibadilishwa neno moja tu na mhariri mwenye nia njema, inaangamiza.

Ni kipi kilichosababisha mgongano huu? Jibu linapatikana ndani ya istilahi zenyewe. Kiswahili kilipolipatia umeme neno mkondo, kilichagua sitiari ya maji. Mkondo ni maji yanayokwenda, kwenye mto au baharini, na Mswahili wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba mkondo ukifungwa haupiti. Ni istilahi nzuri, nyepesi na yenye picha. Lakini wafasiri waliposonga mbele na kuchukua vitenzi vya Kiingereza vya kufunga na kufungua sakiti, walileta sitiari nyingine kabisa, ile ya duara ambalo lazima likamilike. Ndani ya sentensi moja, nomino inavuta upande wa mfereji nacho kitenzi kinavuta upande wa duara. Nomino iliundwa kwa tafakuri, ilhali kitenzi kilikuja kikiwa kimebebwa mgongoni bila mtu kukiuliza kinakwenda wapi. Haielekei kuwa kuna kikao kilichowahi kukiuliza, kwa vile funga ni neno la Kibantu, sanifu, lisilotiliwa shaka na yeyote. Wanaistilahi huwasaka wageni mlangoni wakasahau kwamba hata mwenyeji anaweza kuwa amevaa vazi la mgeni.

Pendekezo linalotolewa hapa halihitaji neno jipya hata moja. Badala ya kufunga na kufungua, maelezo yote ya swichi yatumie vitenzi gusana na achana kwa kinachotendeka ndani ya swichi, na washa na zima kwa kinachotendwa na mkono wa mtu. Jozi A hugusana swichi inapowashwa. Jozi B huachana swichi inapowashwa. Hakuna fundi wa Kirinyaga Road wala mwanafunzi wa fizikia ambaye ataielewa sentensi hiyo kinyume. Funga nayo ibakizwe kwa ile kazi ambayo mafundi wameshaipa: kukaza kitu mahali pake.

Pingamizi haziwezi kukosekana. Mhadhiri mmoja anaweza kusema kwamba gusana na achana ni maneno ya watoto, hayana hadhi ya istilahi. Mwingine anaweza kuhoji kwamba kuliacha jozi la sakiti iliyofungwa na iliyofunguliwa ni kukitenga Kiswahili na lugha nyingine za sayansi. Hoja ya pili ina uzito, na katika kitabu cha fizikia ambamo mwalimu yupo kufafanua, jozi hiyo inaweza kuachwa iendelee. Hoja ya kwanza haina uzito wowote. Hadhi ya istilahi hupimwa kwa kutokuwa na utata, si kwa ugumu wa kuitamka. Katika lugha ya Kiingereza chenyewe, neno linalotumiwa kwa kile kipande cha shaba ndani ya swichi ni lile lile la mguso wa mkono na mkono. Ni ajabu kwamba Kiingereza kiruhusiwe neno la kitoto na Kiswahili kikatazwe.

Fauka ya kitenzi funga, kuna neno ardhi. Katika nyaya za nyumba, waya wa ardhi huenda ardhini kwelikweli, kwenye ufito uliozikwa. Gari nalo limesimama juu ya mpira, na ardhi yake ni fremu ya chuma, ambayo umeme huitumia kurudi kwenye betri. Sitiari hiyo imezoeleka, na katika gari la kawaida la bati haina madhara, kwa kuwa popote utakapofunga waya kwenye bodi utakuwa umefika. Katika gari la kujiundia mambo ni mengine. Magari mengi ya aina hii, kama vile mifano mingi inayoiga umbo la AC Cobra, yana bodi ya fiberglasi juu ya fremu ya chuma, na fiberglasi haipitishi umeme. Anayeambiwa afunge waya wa ardhi kwenye bodi ataufunga kwenye kitu kilichokufa, na taa yake haitawaka hata akibadilisha balbu kumi. Kila taa iliyo kwenye fiberglasi inahitaji waya wake wa kurudi hadi kwenye chuma. Msemo huo, waya wa kurudi, unaeleza kazi badala ya mahali, na kwa hivyo hauharibiki gari linapobadilisha mwili. Vivyo hivyo mafundi wa Kenya na Tanzania husema waya wa moto kwa waya unaobeba umeme. Wasomi wengine hulikunjia uso neno hilo kwa kuliona la mitaani. Baniani mbaya kiatu chake dawa: waya wa moto na waya wa kurudi ni jozi ambayo ingempendeza mwanasemantiki yeyote asiyejua kwamba imetoka gereji.

Je, kifaa chenyewe kiitweje? Swali hili ndilo litakalowavutia wengi, nalo lastahili jibu fupi. Kitenga betri ni neno lililoundwa kwa kanuni nzuri ya kiambishi ki- na kitenzi, na halina ubaya. Kikata umeme nalo linaeleweka. Swichi kuu ya betri inatosha, maadamu swichi, kuu na betri yanajulikana na kila mtu. Chama chochote cha wanafunzi kikitaka kukesha kikijadili suala hilo, na kikeshe.

Isidhaniwe kuwa haya ni mambo ya bandani Uingereza tu. Malori mengi yanayopanda kutoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba huwa na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo zikatoa volti 24, na mengi yana swichi ya aina hii karibu na sanduku la betri. Mashindano ya Safari Rally, ambayo yalianza mwaka wa 1953 na yakarejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, makao yake ya shughuli yakiwa Naivasha, huleta magari ambayo kanuni za kimataifa zinayalazimisha kuwa na swichi inayokata umeme wote na kuzima injini, iweze kufikiwa na dereva aliye ndani na mwokoaji aliye nje. Nje huwekwa alama ya cheche nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe, kitako chake kisipungue sentimita 12. Alama hiyo haina lugha, na pengine ndiyo maana haina utata. Lakini mwanakijiji aliye wa kwanza kulifikia gari lililopinduka vumbini lazima awe amewahi kuelezwa maana yake na mtu fulani, kwa lugha fulani, na huko Kiambogo au Soysambu lugha ya kuwaeleza watu waliochanganyika ni Kiswahili. Mwelezaji akimwambia afunge ile swichi, mambo ni shwari, kwa sababu mwanakijiji anasema Kiswahili cha kila siku. Akimwambia aifungue sakiti, kama kitabu kinavyotaka, basi Mungu asaidie.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, huku kikibaki lugha ya taifa. Tangu hapo hotuba nyingi zimetolewa. Hata hivyo, mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika tasnifu kuhusu maelezo ya kufunga nyaya bado atatazamwa kwa jicho la huruma, na huenda akashauriwa kwa upole arejelee riwaya. Riwaya ni muhimu, na hakuna anayedai vinginevyo. Ila kuna aina ya usomaji wa karibu ambao wanafunzi wa fasihi wamezoezwa kuufanya, wa kuuliza ni nani anasema, nani anatenda, tukio gani limetangulia, kitenzi kina maana ngapi, na ni nani atakayeumia endapo maana itakuwa ile ya pili. Ustadi huo hautumiki kwa mashairi peke yake. Idara ya uhandisi inaweza kumpata mtu anayejua omu 3 ni kiasi gani, lakini haitampata kwa urahisi mtu anayeweza kugundua kwamba sentensi iliyo sahihi kisarufi inaweza kuunguza gari. Mtu huyo yumo katika idara ya Kiswahili, na kwa sasa hana la kufanya na idara ya uhandisi, ijapokuwa baina ya majengo hayo mawili mara nyingi hapana hata mwendo wa dakika tano.

Zoezi la kuanzia si gumu. Wanafunzi wawili, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa uhandisi, waandike ukurasa mmoja wa maelezo ya kazi hii, kisha wampe fundi ambaye hajawahi kuiona swichi ya ncha sita, wakae kimya na kumtazama akifanya kazi huku betri ikiwa imeondolewa kabisa. Kila anaposita, sentensi ipigwe mstari. Kila anapofanya kinyume, sentensi ifutwe. Ukurasa wenyewe unaweza kuanza hivi:

Zima injini. Legeza nati ya ncha hasi ya betri, ile yenye alama ya kutoa, na uutoe waya wake kwanza. Usiguse ncha chanya kabla ya hapo. Funga swichi mahali ambapo mkono wa dereva aliyejifunga mkanda unaifikia, na ambapo mtu aliye nje anaweza kuifikia pia. Pitisha waya mnene wa betri katika ncha mbili kubwa. Pitisha waya wa moto wa koili katika jozi ambayo hugusana swichi inapowashwa. Peleka waya wa ukinzani katika jozi ambayo huachana swichi inapowashwa. Hakikisha kila taa ina waya wake wa kurudi hadi kwenye chuma. Zima swichi. Rudisha waya wa ncha hasi mwisho.